Kumchunguza sangara: mwaloni au kwa mwangwi?

Anayetaka kujua maisha ya sangara wa Ziwa Victoria ana njia mbili kubwa: kuwapima samaki wanaoletwa mwaloni, yaani pale wavuvi wanapotua, au kupanda meli ya utafiti yenye kipima mwangwi.

Mwaloni, tuseme pale Kirumba jijini Mwanza, unahitaji rula, mizani, kisu na uvumilivu wa kuamka alfajiri. Ukimpasua sangara tumbo unaona mwenyewe alichokula: uduvi, dagaa, furu, hata sangara wadogo. Unaona kama mayai yamekomaa. Hakuna chombo cha umeme kitakachokuambia hayo. Tatizo ni kwamba unapima kile tu nyavu zilichochagua, na sheria inakataza kuvua sangara walio chini ya sentimita 50. Wachanga unawakosa.

Kipima mwangwi hutuma sauti majini, nayo hurudi inapogonga kibofu cha hewa cha samaki. Hapo unajua wako kina gani na wingi wao, hata kule wavuvi wasikofika. Ukipima oksijeni pia, unaelewa kwa nini maji ya chini yanapokosa hewa samaki hupanda juu. Lakini ni ghali, meli haiingii kwenye maji mafupi ya ufukweni, na bila kuvuta wavu wa kuhakiki huwezi kutenganisha spishi vizuri.

Kwa mwanafunzi mwenye bajeti ndogo na swali la uzazi au chakula, mimi nasema mwaloni, bila kusita. Swali la makazi linadai meli.