Uzoefu wangu: kufuata University Challenge nikiwa Buruburu

Katika vipindi vyote vya chemshabongo nilivyowahi kutazama, hakuna kinachomheshimu mtazamaji kama University Challenge ya Uingereza. Hakuna kumpigia rafiki simu, hakuna majibu manne ya kuchagua, hakuna mamilioni. Ni wanafunzi wanane wa vyuo viwili, wanne kila upande, mwulizaji mmoja, na maswali yanayomiminika kwa karibu nusu saa. Timu inayoshinda msimu mzima hupata kombe, basi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nairobi, na kipindi hiki ndicho burudani yangu kuu ya wikendi. Naandika kwa yeyote anayejiuliza kama inafaa kumaliza bando akiwatazama vijana wa nchi nyingine wakiulizwa habari za wafalme wao. Inafaa sana, ingawa kuna mambo mawili matatu yanayonikera, nayo nitayataja.

Kanuni ni chache. Swali la kufungulia lina alama 10, na mchezaji anayebonyeza kengele kwanza hulijibu peke yake, bila kunong'onezana na wenzake. Akipata, timu yake hupewa maswali 3 ya ziada, kila moja alama 5, na sasa wanaruhusiwa kushauriana. Anayemkatiza mwulizaji akakosea, timu yake hukatwa alama 5. Katikati huja raundi mbili za picha na moja ya muziki.

Kwangu mimi, utamu wote uko kwenye kule kushauriana. Unawasikia watu wanne wakifikiri kwa sauti: mmoja anataja karne, wa pili anakataa, wa tatu anakumbuka nusu ya jina, na nahodha anaamua huku muda unamkimbia. Sisi huku tumewafundisha watoto kufunika karatasi kwa kiwiko ili jirani asione. Hapa jambo linalosifiwa ni kumwachia mwenzako aseme kwa sababu yeye ndiye anayejua kemia. Nimeona nahodha akikataa jibu lake mwenyewe na kulichukua la mwenzake aliyenyamaza tangu mwanzo, likawa ndilo. Nilisimama kwa furaha kama niliyeona bao.

Jambo jingine linalochukua muda kulitambua ni jinsi swali la kufungulia linavyotungwa. Mara nyingi huanza na dokezo gumu, likaelekea kwenye jepesi, ili anayejua kwa undani amtangulie anayejua juujuu. Nilipolielewa hilo nilianza kutunga ya kwetu. Kwa mfano: "Mwaka 1888 msafara wa Samuel Teleki ulilifikia na kulipa jina la mwana wa mfalme wa Austria. Mwaka 1975 lilibadilishwa jina. Maji yake mengi huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Ni ziwa lipi la kaskazini mwa Kenya?" Aliyesoma historia atabonyeza akisikia Teleki. Wa jiografia atangoja Omo. Mwishoni hata mtoto wa darasa la sita atasema Turkana. Swali moja limewapima watu watatu, na kila mmoja amepata nafasi yake. Kama wewe ni mwalimu, jaribu kutunga mitihani yako ya wiki hivyo uone darasa litakavyochangamka.

Kipindi chenyewe ni kikongwe. Kilianza mwaka 1962 kwenye kituo cha runinga cha ITV, Bamber Gascoigne akiwa mwulizaji hadi 1987. BBC ilikifufua mwaka 1994 ikamweka Jeremy Paxman, akakaa kwenye kiti hicho mpaka 2023, kisha akaja Amol Rajan. Kwa sisi ambao Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu, mwulizaji ni nusu ya kipindi. Paxman alitamka kila neno likasikika, na aliyesitasita alimharakisha bila huruma. Rajan ni mchangamfu zaidi na huwapongeza wachezaji waziwazi, lakini husoma mbio. Ninampenda Rajan kwa moyo wake, ila anayeanza namshauri aanze na vipindi vya Paxman hadi sikio lizoee.

Mpwa wangu, ambaye anasomea mambo ya filamu, alinieleza kwamba zile meza mbili zinazoonekana kama moja imepandishwa juu ya nyingine ni kazi ya kamera tu, na kwamba timu hukaa ubavu kwa ubavu. Nilitazama tena kwa makini, na kweli macho ya wachezaji huelekea pembeni, si juu wala chini.

Ukitaka kufuata msimu mzima, weka daftari. Timu huwa 28. Raundi ya kwanza hutoa washindi 14, na timu nne zilizoshindwa zikiwa na alama nyingi hurudishwa kucheza zenyewe kwa zenyewe ili zipatikane mbili za kukamilisha 16. Robo fainali ndiyo huwachanganya wengi, kwa kuwa timu hufuzu ikishinda mara mbili na hutoka ikishindwa mara mbili, kwa hiyo ile uliyoiona ikilala wiki iliyopita unaweza kuikuta imerudi. Mimi huandika alama za kila mechi pembeni, la sivyo napotea.

Vyuo vidogo vingi vilivyo ndani ya Oxford na Cambridge huingia kimoja kimoja, wakati vyuo vikuu vingine huleta timu moja kila kimoja. Mwaka 1975 timu ya Manchester ilikasirishwa na utaratibu huo, ikajibu maswali kwa majina ya wanamapinduzi tu: Trotsky, Lenin, Marx, Che Guevara. Miaka mingi baadaye Manchester hiyohiyo ilinyakua ubingwa 2006, 2009, 2012 na 2013. Imperial ya London nayo ina mataji matano, la karibuni likiwa la 2024. Mimi nashangilia Imperial, kwa sababu wachezaji wao hushirikiana vizuri kwenye yale maswali ya ziada.

Sasa ugumu. Uingereza hukionyesha Jumatatu usiku saa mbili na nusu, ambayo kwetu ni saa nne na nusu, au saa tano na nusu wakati wa majira yao ya baridi. Lakini iPlayer, huduma ya BBC ya kutazama mtandaoni, haifunguki ukiwa nje ya nchi yao. Kinachobaki ni vipindi vya nyuma vinavyopatikana YouTube, na ukifuata msimu kwa njia hiyo kuna siku utakosa mechi moja katikati ukalazimika kusoma matokeo. Bando halinisumbui sana: ubora wa 360p unatosha, maana kipindi ni cha masikio zaidi, ila raundi za picha zinataka kioo kikubwa kuliko cha simu. Jirani yetu, mzee mstaafu wa reli, ana runinga inayounganishwa na mtandao, kwa hiyo huwa tunakusanyika kwake.

Tunacheza, hatutazami tu. Mzee ana kengele ya baiskeli, mimi nagonga sufuria, mpwa wangu anapiga meza. Ukijibu kabla ya mchezaji wa kwenye runinga unapata 10. Nilidhani raundi ya muziki haitatufaa kabisa. Siku moja kikapigwa kipande cha Handel, na kabla sijafikisha kijiko kwenye sufuria kengele ikalia. "Mwalimu, hiyo tumeiimba kila Krismasi tangu nikiwa kijana," akasema. "Bado, Mzee, taja mtunzi!" Akamtaja. Tangu hapo tunamwogopa. Tusichokijua tunakiandika, na wiki ikifika katikati mmoja wetu hupita maktaba ya Makadara kukitafuta.

Pale kipindi kinaponipungukia ni Afrika. Katika vipindi nilivyotazama, bara letu huulizwa zaidi miji mikuu, mito na bendera. Ningefurahi siku moja nione magofu ya Gedi kwenye raundi ya picha, au Fort Jesus ya Mombasa iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Kwa hilo nakata nyota moja kati ya tano, na sitairudisha.

Jambo hili linaniuma zaidi kwa sababu tuliwahi kuwa na letu. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Celtel ilileta Africa Challenge, shindano la vyuo vikuu lililotokana na College Bowl, ule mchezo wa redio wa Marekani wa mwaka 1953 ambao ndio uliozaa pia kipindi cha Waingereza. Mwulizaji alikuwa John Sibi-Okumu, na sauti yake ilitosha kunyamazisha ukumbi wetu wa runinga chuoni. Kampuni ikaitwa Zain mwaka 2008, jina la shindano likafuata. Mwaka 2010 biashara yake ya Afrika ikauzwa kwa Bharti Airtel ya India, na shindano likaishia hapo. Wanafunzi wangu hawajui kama liliwahi kuwapo. Ghana wana lao la sayansi na hisabati la shule za sekondari tangu 1993, na wanalifuata kama sisi tunavyofuata soka. Vyuo vikuu vyetu sasa ni vingi kuliko ilivyokuwa 2007, na kituo cha runinga kitakacholeta shindano la namna hiyo kitanipata sebuleni kila wiki.

Kwa anayeanza leo, chagua raundi ya kwanza ya msimu wowote, kwa sababu naona maswali huwa magumu zaidi kadiri fainali inavyokaribia. Usitazame peke yako. Jibu kwa sauti hata kama huna hakika, na majibu matatu au manne kwa kipindi kizima ni mwanzo mzuri.