TAHADHARI: Ndoo za nyanya zinazouzwa Nakuru zikiwa zimepandwa tayari zinaleta mnyauko nyumbani

Wenzangu mnaopanda nyanya kwenye ndoo na magunia hapa Nakuru, hasa mlio Kiamunyi, Section 58, Free Area na Lanet, someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa.

Kuna jamaa anauza ndoo za lita 20 zilizojazwa udongo na kupandwa mche wa nyanya. Ndoo moja ni shilingi 650, na lazima utume nusu kwa M-Pesa ndipo akuletee kwa boda. Anadai mche ni Anna F1, aina ya nyanya chotara, na udongo umetibiwa. Picha anazotuma ni za nyanya za greenhouse zilizobeba vishada hadi juu. Ukimwambia unataka kufika kitaluni ujionee, leo kiko Bahati, kesho kimehamia Njoro, na siku ya kwenda simu haishikwi.

Wapo waliotuma nusu hiyo na ndoo hazikufika. Walioletewa wameumia zaidi.

Mama jirani yangu alinunua ndoo kadhaa akazipanga kwenye veranda. Miche ilikuwa mizuri, minene, ungeipenda. Ilipoanza kutoa maua ikawa inalegea mchana ilhali majani ni ya kijani kibichi na udongo una maji. Jioni inasimama. Halafu ikafika jioni haikusimama tena. Alipompigia muuzaji aliambiwa, "Umezidisha maji, mama," kisha akauziwa dawa ya shilingi 400, imetiwa kwenye chupa ya soda, haina lebo yoyote. Chupa ya soda, kwenye nyumba yenye watoto! Hilo peke yake lilinikasirisha kuliko nyanya zote.

Aliponiita nilikata kipande cha shina karibu na udongo, nikakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini ikiwa majini. Chai aliyonimiminia haikuwa imepoa nilipoona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye ile ncha, polepole, hadi maji ya chini yakaingia ukungu. Huo ni mnyauko bakteria. Shina la mche uliokosa maji tu halitoi nyuzi hizo.

Bakteria hao hukaa udongoni kwa miaka, na hushambulia viazi, biringanya na pilipili pia. Udongo uliochotwa kwenye shamba la viazi lililougua, nao huku kwetu viazi ni vingi, unaweza kukuletea ugonjwa mzima ndani ya ndoo yako. Mche ukiwa mdogo huonekana mzima kabisa, ndiyo maana mtu anaweza kukuuzia huku anatabasamu. Na hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya mche ulioshikwa. Anayekuuzia dawa hiyo anakuibia mara ya pili. Dawa halali ya mimea Kenya huwa na lebo yenye nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu na magonjwa ya mimea.

Hata ile habari ya Anna F1 ni uongo. Anna ni nyanya ndefu, hupanda kamba na kuendelea kurefuka. Miche michache iliyopona kwa watu niliowatembelea imesimama kwenye usawa wa goti na kufungia maua hapo. Ukinunua miche, mwombe muuzaji pakiti ya mbegu. Pakiti ya kweli ina kibandiko cha kukwaruza cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu: tuma namba iliyofichwa kwa SMS kwenda 1393 na utajibiwa mbegu ni gani. Asiye na pakiti, mwache aende na miche yake.

Kama tayari unazo ndoo hizo, fanya kile kipimo cha glasi. Zikiwa na ugonjwa, tafadhali sana usimwage udongo kwenye bustani, wala usitupe mimea kwenye mboji. Usimpe jirani udongo huo apandie viazi. Ng'oa mche na mizizi yake, uanike mbali na bustani, uuchome. Udongo ufunge kwenye gunia, usipitishwe tena shambani. Maji yanayovuja chini ya ndoo moja yakifika kwenye nyingine yanabeba ugonjwa, kwa hiyo zitenganishe leo. Ndoo, kisu na koleo zioshe kwa sabuni kisha kwa Jik, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji.

Udongo mpya upikeni wenyewe. Nusu pipa, maji kidogo chini, udongo juu ya wavu, funika, washa moto. Fukia kiazi kimoja katikati. Kikiiva, udongo umeiva. Uache upoe kabisa ndipo uchanganye na samadi iliyooza vizuri.

Kuhusu pesa: ukigundua mapema, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 kuomba zirudishwe. Akishazitoa, hazirudi kirahisi. Usifute ujumbe wala picha zake. Mama jirani ameripoti polisi na amepewa nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), na nambari ya simu ya huyo jamaa wanayo, ndiyo maana siiweki hapa. Uliyetapeliwa kwa njia hiyo hiyo, nenda kituo kilicho karibu nawe uandikishe, hata kama ni ndoo moja.