Kuosha lori Ipogolo: kwa nini nalipa zaidi penye lundo la maranda

Anayetaka kuosha lori Iringa hakosi pa kwenda. Sehemu nyingi ziko chini ya mlima, Ipogolo, kwa kuwa Ruaha Mdogo uko jirani na maji ni ya kuchota tu. Lori langu la mbao nalipeleka sehemu moja, ile yenye uzio wa mabanzi upande wa juu wa barabara kuu. Fuso wanaosha kwa Sh 25,000, wakati hatua chache mbele utaoshewa kwa Sh 15,000. Madereva wenzangu wananiuliza hiyo elfu kumi ya ziada naitupia nini. Nawajibu hapa.

Kazi yenyewe ni nzuri. Kabla hawajafungua maji, vijana wanakwangua masizi na grisi kwenye ekzosi, kwenye chesisi na nyuma ya kabini, wanajaza kwenye ndoo. Ndipo mashine ya presha inawashwa. Sabuni wanatumia kidogo, na nawaunga mkono, maana sabuni nyingi huyabeba mafuta na masizi yakapita kila chujio. Maji yanafuata mfereji wa saruji mpaka karo la kwanza ambako tope linatuama, yanaingia la pili ambako mafuta yanaelea na kuchotwa, yanapita kwenye maranda, kisha yanazama kwenye shimo. Hakuna hata tone linaloelekezwa mtoni. Ndani ya kabini hawana ustadi huo. Zulia langu lilirudi na vumbi lake.

Kilichonifanya niwe mteja wa kudumu ni lundo lililo nyuma. Tope la karo na maranda yaliyokwisha kazi wanayachanganya na samadi ya ng'ombe, wanayamwagia maji kidogo na kuyageuza kwa beleshi. Mimi nilisomea sayansi za bahari kabla ya kuingia kwenye mbao, na nilipoliona lundo lile nilijua wanafanya nini.

Masizi ni dizeli ambayo haikuungua ikaisha. Ni chembe ndogo mno za kaboni, na juu yake zimeganda haidrokaboni, yaani misombo ya kaboni na hidrojeni, ambazo kaboni zake zimeshikana pete kwa pete, kama sega la nyuki. Naftalini, ile ya vidonge vya kufukuzia nondo kabatini, ina pete mbili. Benzopirini ina tano, nayo inasababisha saratani. Moshi wa dizeli wenyewe uliwekwa mwaka 2012 kwenye kundi la vitu vyenye uhakika wa kuleta saratani kwa binadamu, na waliouweka ni taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani.

Nikisema masizi yasimwagwe mtoni, kuna jibu nalisikia sana stendi ya malori: maji yanakwenda baharini, bahari itajisafisha. Kwa sehemu ni kweli. Bahari ina bakteria aitwaye Cycloclasticus, aliyetambulishwa mwaka 1995 kutoka kwenye tope la Puget Sound, Marekani, na chakula chake ni pete hizo hizo. Anaipachika oksijeni kwenye pete, pete inafunguka, na hatua kwa hatua inaishia kuwa kaboni dioksidi na maji. Mwenzake, Alcanivorax, anakula minyororo ya mafuta yasiyoungua. Kisima cha mafuta kilipolipuka Ghuba ya Mexico mwaka 2010, Cycloclasticus alikutwa ameongezeka ndani ya wingu la mafuta kwenye kina kirefu.

Lakini ana mipaka, na hapo ndipo lile jibu la stendi linapovunjika. Pete mbili au tatu zinaweza kuliwa ndani ya siku au wiki. Pete tano zinachukua muda mrefu kupita kiasi. Tena bakteria anakula kile kinachoyeyuka majini, na haidrokaboni iliyonaswa kwenye chembe ya masizi haiachii upesi. Chembe hizo zikizama kwenye tope lisilo na oksijeni, kazi inadorora kabisa. Kaboni nyeusi yenyewe ndiyo sugu zaidi: jua huivunjavunja ikiwa karibu na uso wa maji, ila iliyoyeyuka kwenye vilindi vya bahari imepimwa ikakutwa na umri wa maelfu ya miaka.

Na kabla ya bahari kuna sisi. Ruaha Mdogo unaingia Ruaha Mkuu, maji yanafika bwawa la Mtera, yanashuka Kidatu, yanaungana na Rufiji mpaka kwenye mikoko inayotazamana na Mafia. Mengi ya masizi yatakuwa yametuama njiani, Mtera kwanza, na samaki wa Mtera ndio hao tunaowanunua sokoni Iringa. Mimi nawalisha wanangu.

Kwa hiyo lile lundo linafanya kazi ya Cycloclasticus, ila kwa bakteria wa udongoni, mahali ambapo mtu anaweza kuwasaidia. Kugeuza kunaingiza hewa. Samadi inaleta nitrojeni na fosforasi, vitu ambavyo maji ya bahari mara nyingi yana uhaba navyo. Ndiyo maana baada ya ajali ya meli ya Exxon Valdez mwaka 1989, fukwe za Alaska zilimwagiwa mbolea ili bakteria wapate nguvu ya kula mafuta. Maranda nayo yanakuja na kuvu weupe wanaoozesha magogo. Vimeng'enya wanavyotumia kuvunja ugumu wa mti vinaweza kuzivunja hata pete kubwa. Kwetu Mafinga maranda ya paini yanachomwa kila siku kwenye mashine za mbao, yanatoa masizi juu ya masizi. Kuyakuta Ipogolo yamepewa kazi hii kulinifurahisha mno.

Nilimuuliza msimamizi lundo likiiva wanalipeleka wapi. "Kamwene mama," alinisalimu kwanza, kisha akasema, "wa bustani wanakuja na hela, siwapi. Hili si la mchicha." Analifukia kwenye kingo za eneo lake, mbali na kisima. Kijana huyu anastahili wateja.

Dosari ni mbili. Foleni ya Jumamosi ni ndefu, malori ya Tunduma yanapangana hadi barabarani. Na lundo halina paa. Mvua ikianza Desemba maji yatalipitia na kushuka nayo yale yale tuliyolipa yasishuke. Nimemwambia nitamletea mabanzi ya kuezekea na nguzo kwa bei ya shambani. Yeye atafute turubai. Ukitaka kuoshewa bila kungoja, nenda katikati ya wiki kabla ya saa mbili asubuhi, na mwambie utingo akunje zulia la kabini abaki nalo.