Fundi wa kibarazani aliyetushonea Krismasi

Tarehe 2 Desemba mwaka jana nilikwenda kwa fundi huyu na mfuko wa salfeti begani. Ndani yake mlikuwa na doti 4 za kanga kuukuu za mama yangu na kitenge kimoja ambacho hakijafunguliwa hata karatasi ya dukani. Tarehe 21 nilirudi nyumbani na mifuko 8 ya kubebea, aproni 2 na gauni 1. Tangu hapo, kila nikienda sokoni na ule wa kwangu, niliokuja kushonesha baadaye, watu wananiuliza nimenunua wapi. Basi naandika niwajibu wote kwa pamoja.

Yuko Moshi mjini, kwenye vibaraza vya karibu na Soko Kuu, kule ambako mafundi wamejipanga mlango kwa mlango mbele ya maduka ya vitenge na cherehani za miguu zinalia toka asubuhi. Hana bango. Mtafute kibaraza chenye nguzo zilizopakwa bluu mpaka usawa wa kiuno, cherehani ya tatu ukitokea upande wa soko. Ni mtu mzima, shikamoo inamhusu.

Niseme kilichonipeleka. Sisi kwetu ni Marangu, tumezaliwa watano, na kila Desemba tunapanda kwa mama kama Wachagga wengine wote. Wanaotoka Dar wanakuja kwa basi, na tangu treni ya Moshi iliporudi Desemba 2019 yuko kaka yangu mmoja ambaye hataki kusikia habari ya basi tena. Miaka ya nyuma mtu alikuwa anakuja na sukari, mchele, blanketi la mama, basi. Halafu kidogo kidogo yakaingia maboksi. Kila nyumba ikawa inamnunulia kila mtoto, na watoto ni 8. Mwaka juzi mimi peke yangu nilitumia 340,000 kwa vitu vya dukani, na gari moja la betri lilikufa tarehe 26 kabla ya chakula cha jioni. Mtoto alilia, baba yake akanuna, mimi nikaona aibu kwa kitu ambacho sikukitengeneza.

Lakini siyo gari lililoniuma. Mwaka huohuo dada yangu na mumewe hawakuja. Walisema shemeji ana zamu kazini. Mwezi wa pili dada akanipigia simu usiku, akaniambia ukweli: shemeji alishapunguzwa kazi tangu Septemba, nauli walikuwa nayo, lakini "tungeingia na nini mikononi, na nyie wote mnashusha maboksi?" Dada yangu alikaa Krismasi nzima Dar na watoto wake wawili, akanunua nyama nusu kilo, akatupigia simu ya video akiwa amevaa vizuri ili tusijue. Sijawahi kuumia hivyo.

Nilipomwambia mama, alinyamaza muda mrefu. Mama ana miaka 81. Akaniuliza, "Kwani nyumba yangu imekuwa duka?" Kisha akaniagiza nivute lile sanduku la bati chini ya kitanda. Kanga zake zote zimo humo, zile alizokuwa akinunua kwa hela za ndizi tangu tukiwa wadogo. Akachagua doti 4. Nikamwambia mama, hizi ni zako. Akasema, "Nazikalia za nini? Wakatie hao watoto, na mtu asinunue kitu." Nikaandika hivyohivyo kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, maneno ya mama, bila kuongeza. Dada yangu ndiye alikuwa wa kwanza kujibu. Aliandika: "Aika mae." Asante mama.

Sasa nirudi kwa fundi.

Nilikuwa nimeshapita kwa wengine wawili. Wa kwanza aliangalia kanga akasema hizi zimeshakuwa matambara, nunua mpya. Wa pili aliniambia mifuko yote 8 ataikata saizi moja, niifuate baada ya siku mbili. Huyu wa tatu alinipa kiti, akaitandaza kanga ya kwanza juu ya meza, akauliza, "Ya nani?"

Nikasema ya watoto, fundi, mifuko ya kubebea vitu.

"Watoto gani? Nitajie mmoja mmoja."

Akatoa daftari. Nikaanza kutaja, naye anaandika. Wa darasa la 2, anabeba kopo la uji na madaftari. Wa kidato cha 3 yuko bweni, anataka mfuko wa nguo chafu. Wa chuo ana kompyuta. Akauliza urefu wa kila mmoja, nikawa namwonyesha kwa mkono, huyu ananifika begani, huyu kiunoni. Akauliza nani kati yao ni mkali kwa vitu na nani ni mtunzaji. Muda wangu wa chakula cha mchana uliishia pale kibarazani na sikujutia.

Baada ya hapo akazikagua kanga. Aliinyanyua kila moja juani, akaitazama kwa upande wa pili, kisha akaishika kwa vidole gumba viwili na kuivuta taratibu kuanzia pindoni kuelekea kwenye mji, yaani ile sehemu ya katikati ya kanga. Palipokuwa pamechoka alitia alama ya chaki. Vipande vya alama hakuvitupa, alivipiga mara mbili akavitumia kwenye mifuko midogo ya ndani, kwa kuwa kule hakuna uzito. Kwenye mfuko wa kompyuta aliweka kipande cha blanketi kati ya kanga na bitana. Sikumwomba.

Kilichonishangaza zaidi ni majina. Mnajua kanga ina pindo, mji na jina, na mtu akikata hovyo jina ndilo linalopotea kwanza. Yeye alianza kupima kutoka kwenye jina. "Wema hauozi" ni fupi, likakaa mbele ya mfuko lote. "Japo sipati tamaa sikati" ni refu, halikuenea, basi akaukata mfuko kwa mzunguko: mbele unasoma "Japo sipati," unaugeuza nyuma unakuta "tamaa sikati." Na kwa kuwa doti ina pande mbili zenye jina moja, kila jina limetoa mifuko miwili. Mama ndiye aliyegawa nani apate lipi. "Usisafirie nyota ya mwenzio" aliwapa wajukuu wawili ambao kila mwaka wanalinganishiwa alama za mitihani na wazazi wao. Wazazi walielewa.

Kwetu hata mbuzi akichinjwa nyama haigawiwi hovyo, kila mtu ana kipande chake kwa nafasi yake katika ukoo, na ukimpa mtu kipande kisicho chake umemvunjia heshima. Nilipokuwa namtazama fundi na daftari lake niliwaza hilo. Maboksi ya mwaka juzi tuliyanunua bila kujua nani ni nani. Ilitosha kujua ni mvulana au msichana.

Gauni ndilo ninalotaka mlielewe vizuri.

Kile kitenge kaka yangu alimletea mama miaka 3 nyuma. Hakukishona. Tulidhani hakukipenda. Kumbe bega lake la kulia halipandi, mkono unaishia usawa wa kidevu, na magauni yote ya kushonesha yanavaliwa kwa kupitisha kichwani. Mimi ni muuguzi, kila siku nawavalisha wagonjwa wenye mabega hayohayo, na kwa mama yangu sikuliona. Fundi ndiye aliyeuliza: "Mama anavaa mwenyewe au anavalishwa?" Nikabaki namtazama.

Akalishona wazi mbele, kuanzia shingoni mpaka chini ya goti, vifungo 7 vikubwa, saizi ya sarafu ya shilingi 200. Matundu ya vifungo aliyakata ya kulala badala ya kusimama, akanieleza kuwa mtu mwenye vidole vizito kifungo kilicholala hakimchomoki akivuta. Kwapa la kulia alilipanua kidogo kuliko la kushoto, ukilitazama gauni likiwa limetundikwa huwezi kujua. Ndani, upande wa kushoto, aliweka mfuko mmoja wenye zipu wa simu, na juu yake kitanzi cha kitambaa cha kufungia funguo za stoo. Nilikuwa nimemtajia funguo kwa kupitisha tu, kwamba mama huwa anazifunga kwenye ncha ya kanga na kila wiki anazitafuta kwenye migomba.

Bei nazo nizitaje kwa uwazi. Mfuko mmoja 4,000, kwa hiyo 8 ni 32,000. Aproni 6,000 kila moja, zilitokana na mabaki na nilizitoa kwa wifi zangu wawili wanaoshinda jikoni sikukuu nzima. Gauni 20,000. Bitana, zipu na vifungo nilinunua mwenyewe kwa 11,000. Jumla 75,000, tukagawana ndugu watano, 15,000 kila mmoja. Shemeji alituma ya nyumba yake siku ileile niliyotangaza.

Yapo yasiyoniridhisha na nitayasema. Aliniahidi tarehe 18, nikaenda saa ya chakula, bado. Nikaenda 19, bado. Kazi ya ovaloki, ile ya kuziba kingo zisifumuke, anaipeleka kwa jirani anayetumia umeme, na umeme ulikatika siku mbili. Hilo silo kosa lake, lakini namba yangu alikuwa nayo na hakunipigia. Mtu anayetembea kutoka kazini na kurudi juani mara mbili bure anastahili simu. Pia mifuko miwili aliishona kwa uzi mweupe juu ya kanga nyeusi, mshono ukawa unaonekana kwa ndani. Nilipomwonyesha hakubishana, aliufumua na kuurudia nikiwa nimekaa palepale. Risiti hana. Kilichopo ni daftari lake, nikamwomba atie sahihi kwenye kikaratasi kwamba kapokea malipo ya awali, akatia. Na kama unataka mishono ya harusini yenye mikono ya kupepea, usimsumbue, nenda kwa vijana.

Faida moja ambayo sikuitegemea: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 tumekuwa tukinunua hii mifuko mbadala ya madukani, inayochanika vishikio ukiweka kilo mbili za viazi. Huu wa kanga nimeujaza ndizi, maharage na nyama, na umeshafuliwa mara nyingi. Rangi imeshuka kidogo tu, na ilikuwa imeshashuka tangu kwenye sanduku.

Zawadi zilitolewa tarehe 24 jioni, hakuna karatasi ya kufungia. Watoto walikunja kila mfuko na kuufunga kwa kamba ya mgomba mkavu waliyoichuna wenyewe shambani, kazi iliyowachukua mchana mzima na kuwatoa kwenye simu. Dada yangu alifika na mumewe na watoto. Shemeji alikuwa mikono mitupu, na wote tulikuwa mikono mitupu, na mama akamkalisha karibu yake akamkabidhi kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Wa chuo aliugeuzageuza mfuko wake akasema, "Bibi, hii si ile uliyokuwa unanibebea?" Mama akamwambia ndiyo hiyo, na alama ya pasi iliyounguza pindoni bado ipo, itafute. Akaitafuta, akaiona.

Asubuhi ya tarehe 25 tulikuwa tunajiandaa kwenda ibadani. Kawaida mimi au wifi huingia chumbani kumvalisha mama. Nilibisha hodi nikaambiwa nisubiri. Nikasimama koridoni, nasikia anavyohesabu vifungo. Alitoka amelivaa, kifungo cha saba amekifunga, funguo zinalia ubavuni.

Mkitaka kwenda kwake kwa ajili ya Desemba hii, nendeni Novemba, kwa sababu baada ya tarehe 10 anajaa nguo za sikukuu za watoto, na tarehe 22 anafunga anapanda kwao Rombo. Nguo mzifue kwanza, hapokei chafu. Nendeni mkiwa mnajua mnamshonea nani, maana ataanza kuuliza na mkisita atawaambia mkafikirie mrudi.

Januari nilipita pale nikiharakisha kuwahi daladala. Alikuwa ameinama kwenye cherehani, akaniona, akasimamisha gurudumu kwa kiganja. Heri ya mwaka mpya hakuikumbuka.

"Vile vifungo, mama anavifunga mwenyewe?"

Nikamwambia vyote saba.