Elfu hamsini za wakili kabla ya kutia saini: milango ya Paje au ya Kiponda?

Mimi ni fundi wa nakshi, najitegemea, karakana yangu iko Jang'ombe, Unguja. Mwezi uliopita nilikuwa na mikataba miwili mkononi, yote ya Kiingereza, na siku tano tu za kujibu. Mmoja wa hoteli ya Paje: milango minane, kila mmoja shilingi 1,400,000. Mwengine wa nyumba ya wageni inayokarabatiwa Kiponda: milango mitano, 900,000 kila mmoja. Moyo ulishakwenda Paje. Mke wangu ndiye aliyenizuia, akanambia nimpelekee kwanza mtu anayejua kusoma maneno yale.

Nikaenda kwa wakili mmoja wa Vuga, mwanamke, ofisi ndogo ghorofani. Bei yake elfu hamsini kwa mikataba yote miwili, na aliitaja kabla sijakaa. Hilo nililipenda.

Hakuanza na bei za milango. Aliniuliza, "Fundi, mbao ananunua nani?" Paje, mimi. Kiponda, wao. "Na unalipwa lini?" Paje, siku 60 baada ya kupokea mlango wa mwisho. Kiponda, asilimia 40 kabla ya kazi. Akanipa kalamu nipige hesabu mwenyewe. Milioni 11.2 ya Paje, nikitoa 650,000 za mbao za mninga kwa kila mlango, inabaki milioni 6 kwa wiki kumi, yaani 600,000 kwa wiki. Kiponda ni milioni 4.5 kwa wiki sita: 750,000 kwa wiki. Nauli ya gari ya kupeleka milango Paje hata hatujaitia.

Kisha akanisomea kifungu cha mkataba wa Paje kilichonitoa jasho. Mlango ukipasuka ndani ya mwaka mmoja, fundi anatengeneza upya kwa gharama zake. Hapo nilimueleza mimi. Mbao ya haraka haraka haijakauka sawasawa. Mlango huo ukiutia chumba chenye kiyoyozi, upande wa nje unapigwa na upepo wa bahari na upande wa ndani unakaushwa usiku kucha. Utapinda tu, na mfaa, ule mti wa nakshi unaosimama katikati ya mlango, utaachana na ubao. Alisikiliza mpaka mwisho, akaandika barua kwa hoteli: malipo ya awali nusu, na dhamana isihusu vyumba vya kiyoyozi. Hoteli ikakataa yote mawili.

Kiponda nako hakupaacha hivi hivi. Kiponda iko ndani ya Mji Mkongwe, na Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na nyumba haibadilishwi bila ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi ya mji huo. Akauliza kibali kiko wapi, na kazi ikisimamishwa mimi nalipwa nini. Nisingewaza kuuliza hilo maisha yangu yote. Mwenye nyumba alileta nakala ya kibali, na kikaongezwa kifungu kwamba malipo ya awali hayarudishwi kazi ikisimama kwa sababu ya mwenye nyumba.

Lawama zangu mbili. Aliniahidi majibu Jumatatu, nikayapata Jumatano, na siku zangu zilikuwa za kuhesabu. Na maelezo yote alinipa kwa mdomo. Mtu kama mimi anataka japo ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kurudi nao nyumbani, amuonyeshe mwenziwe. Risiti niliiomba mwenyewe.

Lakini ningelipa hata laki. Mafundi wenzangu wa nakshi, wa rangi, wa mapazia, wengi wetu tunaangalia tarakimu ya juu tukatia saini, halafu tunakopa pesa za mbao kwa mtu mwengine.

Nilitia saini Kiponda. Ile 1,800,000 ya awali iliingia siku ya pili yake, na mbao zao zilishushwa karakanani zimekauka vizuri, ukizigonga zinalia. Sasa niko mlango wa pili, nachonga nakshi ya mnyororo ya pembeni.