Nililipa ada nifundishwe sataranji, nikapoteza malkia kwa kumnyoosha farasi

Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa nikijiambia litapita. Halijapita. Naliandika ili mwenye kutaka kulipa ada yake alisome kwanza.

Mwanangu ana miaka 10. Sataranji aliianzia shuleni, na kila jioni akawa anapanga kete mezani peke yake: anacheza upande huu, anazunguka meza, anacheza upande wa pili. Baba yake anajua drafti tu. Mimi nilikuwa sijui hata farasi anakwendaje. Nikaona hapana, mtoto hawezi kuzunguka meza kila siku na mama yake nipo. Nikatafuta darasa la watu wazima wanaoanza sifuri, nikalipata hapahapa Dar, Jumamosi asubuhi, shilingi 50,000 kwa mwezi. Jina la klabu naliacha.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, nisiwaonee. Tulifundishwa mwendo wa kete zote, na mwalimu akatueleza kwamba neno sataranji tumelipata kwa Waarabu, Waarabu kwa Waajemi, na mchezo wenyewe asili yake ni Uhindini. Kete tunayoiita askofu, ile inayokwenda mshazari, kwa Waarabu ni tembo. Malkia zamani alikuwa waziri, akitembea kisanduku kimoja tu cha mshazari, mpaka Wazungu walipompa nguvu alizonazo leo, mwishoni mwa karne ya 15. Nilirudi nyumbani namsimulia mwanangu kama niliyetoka safari. Siku ile ningewapa nyota zote.

Kisha ikaja Jumamosi ya pili, au ya tatu, sikumbuki vizuri.

Nilipangwa na kijana mmoja wa sekondari, mpole, aliyeniamkia vizuri kabla ya kukaa. Nilikuwa na kete nyeupe. Ubao ulikuwa ule wa plastiki unaokunjwa kama mkeka, umejikunja pembeni, kete hazitulii. Farasi wangu wa kulia alikuwa amekanyaga mstari, nusu yuko kisanduku hiki, nusu kile. Nikamshika kichwani kwa vidole viwili, nikamweka katikati ya kisanduku chake, nikaondoa mkono. Nilikuwa bado nafikiria nicheze nini.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mama, umegusa farasi. Cheza farasi."

"Mwalimu, nilikuwa namnyoosha tu, alikuwa amekaa vibaya."

"Ukigusa umecheza."

Yule kijana akanitetea. "Mwalimu, kweli mama alikuwa anamweka sawa tu." Akaambiwa ashughulike na mchezo wake.

Sasa mwenye kujua sataranji anielewe. Askofu mweusi alikuwa amesimama mbele ya farasi wangu, na nyuma ya farasi, kwenye mshazari uleule, alikuwepo malkia wangu. Farasi ndiye aliyekuwa mlango. Hilo nilikuwa nimeliona, mwanafunzi wa wiki mbili tatu, na nilikuwa najivunia kwamba nimeliona. Nikalazimishwa kufungua mlango. Nikamrudisha farasi alikotoka, mkono unatetemeka, askofu akala malkia.

Mwalimu akamchukua yule malkia, akamwinua juu, akaita darasa zima: "Njooni muone malkia anavyotolewa bure!" Watu wakaja, wengine wakacheka. Mwanangu siku ile nilikuwa nimekwenda naye. Alikuwa benchi la nyuma, na nilipogeuka nilimkuta anatazama viatu vyake.

Usiku sikulala, nikatafuta sheria. Nasema ukweli hata kama unaniuma: kwa sheria mwalimu alikuwa sahihi. Sheria za FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinasema ukigusa kete yako kwa kusudi wakati ni zamu yako, lazima uicheze ikiwa ina pa kwenda. Ukigusa ya mwenzako, lazima uile ikiwa inalika. Aliyegusa kwa bahati mbaya kabisa, labda mkono wa nguo umepita, husamehewa. Na anayetaka kuinyoosha kete anaruhusiwa, ilimradi ni zamu yake na aseme kwanza. Wengi hutumia neno la Kifaransa, j'adoube, lakini hulazimiki. Unaweza kusema "narekebisha", basi, imekwisha.

Neno moja! Nililipa elfu hamsini na sikupewa neno moja. Alikuwa na nafasi ya kutueleza historia ya tembo na mawaziri, na neno la kumlinda mtu mbele ya ubao hakuwa na nafasi nalo. Halafu anakuja kunihukumu kwa sheria aliyoikalia yeye mwenyewe. Mtu wa mashindano abanwe, sawa, hata mimi sasa naipenda sheria hiyo, inakufundisha kufikiri kabla ya kunyoosha mkono. Lakini hatukuwa mashindanoni. Lilikuwa darasa la wanaoanza.

Na hilo silo lililonifanya niandike.

Siku chache baadaye mwanangu alinionyesha Lichess, programu ya kuchezea sataranji, kwenye simu. Hiyo ni bure, haina matangazo, bando inayokula ni ndogo, na kwa anayeanza naisifu bila kusita. Ina sehemu ya kupanga kete unavyotaka na kuchambua. Nikaupanga mchezo wangu wa Jumamosi ile kama nilivyoukumbuka: askari wangu, zile kete ndogo za mbele, yule wa mbele ya mfalme hatua mbili na wa mwenzangu vivyo hivyo, farasi wangu wawili nje, askofu wangu akielekea kwa yule askari anayelindwa na mfalme peke yake. Yeye alikuwa amesogeza askari wa mbele ya malkia wake hatua moja, na wa pembeni kulia kwangu hatua moja, akidhani ananizuia. Nikaiuliza programu: hapa ningecheza nini?

Ikasema: farasi. Farasi yuleyule niliyemgusa.

Farasi anaruka mbele, anakula askari wa katikati, malkia unamwacha wazi. Mwenzako akimla malkia, askofu wako anamla yule askari wa kando ya mfalme wake, cheki, yaani mfalme ametishiwa. Mfalme ana kisanduku kimoja tu cha kukimbilia, mbele yake. Anakwenda. Farasi wako wa pili anaingia katikati ya ubao na mchezo umekwisha, mfalme wake hana pa kutokea, hata kama malkia wako ameliwa. Na mwenzako akiogopa, akakataa malkia na kumla farasi, malkia wako anamla askofu wake, umebaki na askari zaidi.

Tukaipanga mezani, mimi na mwanangu, tukaicheza labda mara kumi. Alikuwa anashika kichwa. "Mama, kumbe ulikuwa umeshinda!"

Mtego huu unaitwa wa Légal, Mfaransa wa karne ya 18, aliyemfundisha Philidor, mchezaji mkubwa wa zama zake. Ni wa mamia ya miaka. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu akiutazama. Ama hakuuona, na basi anatuuzia nini? Ama aliuona, akachagua kuinua malkia hewani badala ya kuinama na kuninong'oneza, "Mama, mtazame vizuri huyo farasi." Nimejitahidi kumpa udhuru wa tatu, sikuupata.

Nilianza kuandika nikitaka kusema msiende. Kisha hapo juu nilipoandika habari ya siku ya kwanza, moyo ukalainika, nikasema labda ilikuwa siku yake mbaya, kila mtu ana siku yake. Sasa nimefika kwenye farasi na hasira imerudi yote. Basi niseme hivi: mchezo wenyewe jifunzeni, hata mkiwa na miaka 40 na kitu kama mimi. Phiona Mutesi, mchezaji wa sataranji wa Katwe kule Uganda, alionyeshwa kete na mtoto mdogo kuliko yeye, na mimi sasa nafundishwa na mwanangu, baada ya chakula, meza ikishafutwa. Ila darasa lile, kabla hujatoa hela, muulize mwalimu: ukigusa kete inakuwaje? Akikueleza akamaliza, kaa. Akikwambia hiyo utaijua mbele ya safari, chukua pochi yako.

Ada ya wiki zilizobaki nimeidai kwa ujumbe. Umesomwa, haujajibiwa.

Nitarudi pale Jumamosi moja tu. Siendi kwa mwalimu. Namfuata yule kijana, nimpangie kete zile, maana naye aliondoka pale akidhani alishinda vizuri, na siku moja atamweka askofu palepale mbele ya mtu anayeujua mtego.