Kifurushi cha kutengenezea faibaglasi: je, kinanyoosha boneti iliyopinda?

Kifurushi chenyewe ni kile kile unachokikuta kwenye rafu za vipuri na za vifaa vya boti: kopo la resini ya poliesta la kilo moja, mrija wa hadena (kemikali inayoifanya resini igande), mkeka wa nyuzi wa mita moja ya mraba uliokunjwa, kikombe na brashi. Maelezo ubavuni mwa boksi yanafundisha kuziba tundu. Boneti ya Corvette ya zamani, au ya Lotus Elan, au ya Studebaker Avanti, magari yenye bodi ya faibaglasi, iliyojikunja pembeni haina tundu. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea: wanapaka resini upande wa ndani wakitarajia boneti inyooke yenyewe. Hainyooki. Anayenyoosha ni klampu na joto. Resini kazi yake ni kulishikilia umbo baada ya hapo. Kwa kazi hiyo ya kushikilia, kifurushi hiki ni kizuri, mradi ukijue kilivyo.

Kabla ya kufungua kopo, tafuta kinachosukuma paneli. Faibaglasi haibonyei ikabaki hivyo kama bati. Ukiigonga, ama inarudi ama inapasuka. Paneli iliyopinda bila ufa wowote basi inasukumwa na kitu, au imelegea polepole kwa miaka mingi ya joto na kuegemezwa vibaya. Legeza bolti zote za bawaba na za madigadi, kisha tazama paneli inakwenda wapi ikiwa huru. Ikijirudisha yenyewe, huhitaji resini, unahitaji washa, yaani kibati cha duara cha kuweka chini ya bolti. Kwenye Corvette za zamani bodi imekaa juu ya chesisi kwa vikalio vyenye vibati vya kusawazishia, na kutu ikila kimoja tu karibu na nguzo ya mlango, mwanya wa mlango unafunguka juu na kubana chini. Kibati cha milimita 2 mahali pale kinahamisha ukingo wa nyuma wa mlango zaidi ya milimita 2, kwa sababu mlango wenyewe ni mrefu. Wapo waliojaza puti (unga mzito wa kuzibia mabonde) mlango mzima kwa kosa lililokuwa chini ya sakafu.

Usidhani pia kwamba gari lilitoka kiwandani likiwa sawa. Bodi za Avanti, zilizotengenezwa na kampuni ya Molded Fiberglass huko Ohio, zilianza kufika Studebaker mwaka 1962 zikiwa hazikai vizuri, na jambo hilo likachelewesha magari kufika kwa wateja. Kwa hiyo lengo liwe mwanya unaolingana kutoka mwanzo hadi mwisho, milimita 4 hadi 5 hivi, hata kama gari lenyewe halikuwahi kuwa nao. Njia rahisi ya kujua boneti inagusa wapi: bandika vidonge vya udongo wa kuchezea watoto kila sentimita 15 kwenye ukingo inapokalia, funika nailoni, shusha boneti taratibu, inua, kata kila kidonge kwa wembe na upime unene wake. Dakika kumi, na una ramani nzima ya paneli.

Sasa resini. Poliesta ya kawaida inataka hadena asilimia 1 hadi 2 kwa uzito, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo nzima. Siku ya joto baki karibu na 1. Kukiwa na baridi ya nyuzijoto 15 za Selsiasi hivi, sogea kwenye 2. Tatizo la kifurushi ni kwamba hadena inapimwa kwa matone au kwa alama za mrija, na mwenye haraka anaongeza kidogo ili ikauke upesi. Inakauka kweli, tena kwa kuchemka: kikombe kinafuka moshi, resini inageuka manjano na kupasuka. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Ni kifaa ambacho boksi lilipaswa kuja nacho kuliko ile brashi.

Lakini kasoro kubwa zaidi ya poliesta haitajwi kwenye boksi: inasinyaa inapokauka, takriban asilimia 5 hadi 8 ya ujazo wake. Ukimwaga tabaka nne kwa mara moja upande wa ndani wa boneti yenye unene wa milimita 3, tabaka hizo zinajivuta na kuikunja boneti kama upinde, kuelekea ndani. Dawa imezaa ugonjwa ule ule. Ndiyo maana kazi hii inataka tabaka mbili tu kwa mkupuo mmoja, zipoe kabisa, ndipo ziongezwe nyingine; na inataka paneli iwe imefungwa kwenye umbo lake wakati wote resini inapokauka.

Kufunga kwenye umbo kunahitaji mbao za kutosha. Kata plaiwudi ya milimita 18 ifuate mkunjo unaoutaka. Ukiweza chukua mkunjo huo kwenye upande mzima wa boneti hiyo hiyo na uugeuze. Vipande vitatu au vinne vilivyosimama, vikiunganishwa kwa ubao chini, vinatosha. Funika kingo kwa nailoni ili visigande. Kisha pasha paneli kwa taa za joto, siyo kwa bunduki ya hewa moto inayochoma sehemu moja na kuacha rangi ikiwa imevimba. Paneli za zamani zilizojengwa kwa mkono huanza kulainika kati ya nyuzijoto 60 na 80; pasha taratibu hadi 65 au 70, pande zote mbili, ukipima kwa kipimajoto kila mara. Ikilainika, kaza klampu na uipitishe kidogo zaidi ya mstari unaoutaka, robo au theluthi ya upungufu, kwa sababu itarudi nyuma ukiiachia. Kama ukingo umeshuka milimita 12, uinue 15 au 16. Zima taa na uiache hadi kesho yake. Hapa ndipo wengi wanapoifungua, wanaona imenyooka, wanapiga rangi. Gari likisimama juani wiki mbili likiwa na rangi nyeusi, boneti inarudi ilikotoka.

Badala yake, usifungue klampu. Saga upande wa ndani kwa msasa wa 36 au 40 hadi mng'ao wote uishe na nyuzi nyeupe zionekane. Futa vumbi, pitisha kitambaa chenye asetoni, subiri ikauke. Kama kuna ufa, uchimbe kwa mteremko wa 1 kwa 12: paneli ya milimita 3 inataka mteremko wa milimita 36 kila upande wa ufa. Mteremko mfupi ndio unaoleta ule mstari unaotokea tena kwenye rangi baada ya miezi.

Mkeka wa kwenye kifurushi kwa kawaida ni wa gramu 450 kwa mita ya mraba, na tabaka moja lililolowa vizuri huwa na unene wa takriban milimita 1. Unakunywa resini mara 2 hadi 2.5 ya uzito wake. Piga hesabu: mita moja nzima inamaliza kilo moja ya resini, kwa hiyo boksi moja ni tabaka moja la mita moja, au tabaka tatu za theluthi ya mita. Ukanda wa sentimita 10 kwa mita 1.2 wenye tabaka tatu unakula gramu 162 za mkeka na kama gramu 365 za resini. Kanda mbili za namna hiyo zinatoka kwenye boksi moja na kidogo kinabaki kwa ajili ya kumwagika. Ukingo wa boneti moja unatosha. Gari zima, hapana. Nunua kopo kubwa peke yake.

Usikate mkeka kwa mkasi kwenye kingo, uchane kwa vidole. Ukingo uliochanika una nyuzi zinazopungua polepole, na hauachi alama upande wa juu. Paka resini kwanza kwenye paneli, weka mkeka, gonga kwa ncha ya brashi. Usipake kama unapaka rangi, maana nyuzi zitafuata brashi. Mwanzoni mkeka unabaki mweupe na mkaidi; baada ya dakika moja au mbili gundi inayoshikilia nyuzi inayeyuka, weupe unatoweka, na mkeka unalala kwenye mkunjo kama kitambaa kilicholowa. Palipobaki weupe pana hewa. Rola ya chuma yenye mifereji inaitoa hewa hiyo vizuri kuliko brashi, na haimo kwenye kifurushi.

Kanda zivuke sehemu iliyokuwa imepinda, zisiishie katikati yake. Ukitaka kuongeza ubavu wa kuimarisha, ujenge juu ya kipande cha povu gumu na ueneze kingo zake kwa upana wa sentimita 4 au 5 kila upande. Ubavu mwembamba uliogandishwa moja kwa moja kwenye paneli nyembamba utaonekana kwa nje kama mfupa.

Sasa mahali ambapo kifurushi hiki hakifai kabisa. Kuanzia miaka ya 1970 Corvette zilianza kutumia paneli za SMC, yaani karatasi ya resini na nyuzi fupi inayobanwa kwa moto ndani ya kalibu ya chuma. Ndani yake mna nta za kuzuia kushika kalibu, na nta hizo hizo zinaikataa poliesta: kazi inaonekana imeshika, kisha inabanduka nzima kama gamba. Pima kwa msasa sehemu iliyojificha. Vumbi jeupe na nyuzi ndefu zinazopishana ni kazi ya mkono. Vumbi la kijivu cheusi na nyuzi fupi ni SMC. Kwa SMC tumia gundi ya epoksi, resini ya aina nyingine, ya kuunganishia paneli. Na ukienda kwenye epoksi, uache mkeka wa boksi: gundi ya nyuzi zake inayeyushwa na stairini iliyo ndani ya poliesta, na epoksi haina stairini, hivyo mkeka hubaki mgumu kama majani makavu. Tumia kitambaa kilichofumwa. Epoksi juu ya poliesta ya zamani inashika vizuri sana. Poliesta juu ya epoksi, usijaribu.

Mwanya mpana usiuzibe kwa puti. Puti kwenye ukingo wa mlango inamegeka mlango ukifungwa kwa nguvu mara chache. Saga ukingo kwa chini, mteremko wa milimita 25, bandika tepu ya plastiki yenye nta kwenye paneli jirani, jenga ukingo kwa mkeka na resini hadi uzidi, kisha ukate kurudi kwenye milimita 4 au 5. Puti ibaki kwa mabonde madogo, isizidi milimita 3. Ukilazimika kusaga ukingo unaobana, pakaza resini kwenye nyuzi zilizoachwa wazi, maana zinanyonya maji.

Uso kubaki na ulimbo baada ya kukauka siyo dosari. Hewa inaizuia poliesta kukauka juu kabisa. Futa kwa asetoni au ufunike kwa nailoni tangu mwanzo. Lakini kidole kikizama siku ya pili, hadena haikutosha au haikukorogwa, na hakuna kuokoa: kwangua yote. Resini ikishakauka inaendelea kusinyaa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo pasha eneo hilo hadi nyuzijoto 60 kwa saa kadhaa likiwa bado limefungwa, ndipo upige msasa wa mwisho na rangi.

Glavu za kwenye boksi, kama zipo, ni nyembamba mno, na barakoa haimo. Hadena ikiruka jichoni inaweza kupofusha; vaa miwani hata unapokamua mrija tu. Ukinunua resini ambayo kichocheo cha kobalti kimetengwa, usikichanganye na hadena moja kwa moja kamwe, maana hulipuka.

Ukiwa dukani, liinamishe kopo na usikilize. Resini nzuri inayumba ndani kama mafuta mepesi. Ikisogea polepole kama asali, au ikibisha kama kuna donge, imekaa rafuni mno. Lirudishe, hata kama boksi bado linang'aa.